Maji ya Wakesho

Mama,

Sikuandikii salamu. Salamu zako nilizimaliza zamani, miaka ile nilipokuwa nakutumia barua kule Wusi milimani kila mwezi na wewe unazirudisha kwa kondakta wa basi zikiwa bado zimefungwa. Hii huwezi kuirudisha. Utaisikiliza mpaka mwisho.

Mchungaji ameniambia nikusamehe. Mwakio, mwanao, ameniambia nikusamehe. Hata Salimu, mume wangu, ambaye hukuwahi kumwita kwa jina lake, uliyemwita "huyo" mpaka ukafa, naye ananiambia, "Mama Halima, mwache mama apumzike." Kila mtu anataka upumzike. Mimi nataka kwanza usikie ulilonifanyia, lote kwa mpangilio wake, kwa sababu ulipokuwa hai hukunipa nafasi ya kumaliza sentensi moja.

Ulikuja kwangu mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Mwakio alikuleta Voi hospitali kwa sababu ulikuwa unakunywa maji mtungi kwa mtungi na bado unalia kiu, na gauni lako la kanisani lilikuwa linakuning'inia kama limeanikwa. Walichemsha mkojo wako kwenye kibomba cha kioo pamoja na dawa ya buluu, ikageuka ikawa rangi ya tofali. Sukari. Daktari akakuandikia vidonge, kimoja kila asubuhi pamoja na chakula, akasema anataka akuone kila wiki mpaka akujue vizuri. Kutoka Wusi hadi Voi kila wiki, kwa mama wa umri wako, ni safari ya kuua. Kwa hiyo mwanao mpenzi, mwalimu wa shule, alikushusha mlangoni kwangu, hapa hapa Voi, akaweka kikapu chako chini, akaniambia, "Dada, ni kwa muda tu," akawahi basi la kurudi.

Nilifurahi. Nikiri hilo mapema ili usije ukadhani nilikuwa na nia mbaya tangu mwanzo. Miaka kumi na sita hukuwa umekanyaga kizingiti changu, tangu niolewe na Mwislamu wa Taveta, nikaacha jina la Wakesho nikaitwa Zainabu. Nilifagia uwanja mara mbili siku ile. Salimu alitoka mapema kwenye mashine ya kusaga posho, akachukua kuku akaenda naye kwa jirani Mkristo, akamwomba amchinje yeye, ili wewe ule bila wasiwasi. Unakumbuka? Alirudi na kuku yule ameshanyonyolewa, yeye mwenyewe ameloa jasho, anatabasamu. Ukamtazama, ukatazama kuku, ukasema, "Kisu ni kile kile na sufuria ni ile ile."

Kisha ukatoa jiko lako kwenye kikapu. Jiko dogo la makaa, sufuria yako moja, na viazi vitamu vya Wusi. Ukaweka kambi kwenye pembe ya uwanja wangu kama mtu aliyekwama njiani. Ulipika mara moja kwa siku, saa kumi jioni, ukala mgongo ukiwa umetuelekezea. Asubuhi ulimeza kidonge chako kwa maji ya mfereji. Ukakaa hivyo na kidonge, bila kitu kingine, mpaka saa kumi.

Nilikuwekea uji ukapoa, nikakuwekea kimanga, nikakipika kwa mkono ulionifundisha wewe mwenyewe, mihogo na maharage vimepondwa vizuri visiwe na uvimbe. Ukawapa kuku.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, kama saa tano za mchana, nilikuwa barazani kwenye cherehani nashona sare za shule. Nikasikia sufuria inagonga ukuta. Nikatoka, nikakuta umesimama katikati ya uwanja, leso imekulowa kama umenyeshewa, mikono inakutetemeka, macho yananitazama lakini hayanioni. Ukaniita malaya. Ukaniita mchawi. Ukasema tumbo lako lilikosea. Nilipokusogelea ukanichapa kwa mwiko hapa kwenye shavu, na majirani wawili wanatazama juu ya ua. Halafu ukakaa chini polepole, ukalala ubavu, ukaanza kukoroma.

Salimu alikuja mbio. Yeye ndiye aliyekubeba, Mama. "Huyo." Alikubeba akakuweka kwenye mkokoteni wa kupelekea magunia, akausukuma mpaka hospitali, mimi nakimbia pembeni nimekushika kichwa kisigonge ubao. Daktari akakuangalia mara moja tu, akauliza, "Amemeza dawa? Amekula?" Nikasema amemeza, hajala. Akaita sista, wakakuchoma sindano ya sukari kwenye mshipa. Sindano haikuwa imekwisha kuingia yote ukafungua macho ukauliza, "Nani amenivua kilemba?"

Sasa hapa ndipo ninapotaka uwe makini. Walikulaza siku mbili, kwa sababu daktari alisema kidonge kile hakitoki mwilini upesi na sukari ingeweza kushuka tena. Asubuhi ya kuondoka alituketisha wote wawili. Ulikuwa na akili timamu, ulikuwa umekula mkate wa hospitali, umejifunga kilemba chako vizuri. Akasema: "Mama, hii dawa haijui kama umekula au hujala. Kazi yake ni kushusha sukari, na itashusha tu, hata kama hakuna cha kushusha. Ukimeza, kula. Saa nne kula kitu kidogo tena. Siku ya kufunga, usije ukameza dawa kama kawaida, njoo kwanza tuzungumze." Akanigeukia mimi. "Na wewe, ukimwona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anasema ovyo, amekuwa mkali bila sababu, usibishane naye. Vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Ngoja robo saa. Kama bado, mpe tena. Akitulia mpe chakula cha kweli, na usimwache peke yake. Lakini akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlete."

Nikamuuliza, "Sukari si ndiyo mliyomkataza?"

Akacheka. "Nimemkataza ya kila siku. Hii ni ya siku kidonge kimemzidi."

Na wewe, Mama, wewe kwa mdomo wako ukamuuliza: "Vijiko vya chai au vya kulia?"

Akasema, "Vya chai, vimejaa."

Ukaitikia kwa kichwa kuonyesha umeelewa. Uliuliza swali la mtu aliyeelewa. Nimekaa na swali hilo miaka, nikiligeuza huku na huku, nikitafuta pahali pa kukuondolea lawama, na sijapaona.

Ulirudi nyumbani ukaendelea vile vile. Kidonge asubuhi, viazi saa kumi. Kwa hiyo mimi nikaanza kukuvizia. Nilihamisha cherehani kutoka barazani nikaiweka mahali ninapokuona. Nilijifunza uso wako kuliko nilivyoujua nikiwa mtoto. Kwanza ulipiga miayo. Halafu ulianza kukunja na kukunjua pindo la leso. Halafu jasho hapa juu ya mdomo. Nikiona jasho najua nina dakika chache kabla ya matusi. Nilikuwa na glasi yangu, sukari ndani, kijiko ndani, imefunikwa kwa sahani, nabakiza kumimina maji tu.

Hukukubali hata siku moja bila vita. Ulikaza meno. Ulinitemea. Ilibidi nikushike kichwa kwa kwapa, nikuwekee glasi mdomoni, nikubembeleze kidogo kidogo, meza, Mama, meza, huku unanipiga ngumi tumboni. Nilikuwa na mimba ya Rehema wakati huo. Majirani wakaona. Kwa nini wasione, ua lenyewe la matawi.

Na baada ya hapo, Mama. Sikutaka kuandika hili, lakini nimesema lote.

Baada ya hapo ulikuwa unatulia. Jasho linakauka, mikono inaacha kutetemeka, unanitazama kana kwamba umerudi kutoka safari. Unasema, "Nina njaa." Nakupa ugali na mchicha kutoka sufuria yangu, na unakula. Unakula kwa mkono wangu. Siku moja ulinishika hapa shavuni ulipokuwa umenichapa, ukauliza, "Nani alikuumiza?" Siku nyingine ulimwambia Halima mwanangu hadithi ya fisi aliyeingia zizi la babu yako, Halima akacheka mpaka akalala chini. Ulikuwa mama yangu kwa dakika ishirini hivi. Kisha akili yako inarudi yote, unaona sahani ni ya nani, unaisukuma, unanyamaza, unageukia ukuta.

Daktari aliniambia ile hasira si wewe, ni sukari iliyoshuka, ubongo umekosa chakula. Nikamuuliza: na ile ya jioni, ameshakula viazi vyake, ameshiba, ananiambia watoto wangu hawana ukoo, hiyo ni ya nini? Alishika kalamu yake akaandika kitu kwenye kadi.

Kanisani Voi wanawake walikuuliza. Walisikia kwa majirani kwamba mke wa Mwislamu anamkaba mama yake na kumnywesha vitu kwa nguvu. Ungesema neno moja tu. Ni sukari. Daktari ndiye aliyesema. Ulisema nini? Niliambiwa na mwenye kuambiwa: "Kila nikinyweshwa maji na Wakesho, nahisi mwili wangu umebadilika." Basi. Ukawaacha wamalizie wenyewe, na wakamalizia. Ndani ya wiki mbili hakuna aliyeniletea kitambaa. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua gauni lake likiwa bado halijatiwa mikono. Halima alirudi kutoka shule akilia kwamba wamemwambia asiguse vikombe vya wenzake.

Halafu Mwakio akaja na wazee wawili wa kanisa kutoka milimani. Waliketi kwenye viti vyangu, hawakugusa chai yangu. Salimu alisimama mlangoni, kwa sababu nilimwomba asiingilie. Mwakio ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, nilimwosha kamasi, na siku hiyo hakuniita dada. Akakuuliza mbele ya wote, "Mama, huyu anakunywesha nini?"

Nikakutazama. Nilikuwa na hakika, hata siku hiyo. Nilijua hunipendi, lakini nilijua wewe ni mtu wa kanisa, husemi uongo. Ulitazama mikono yako. Ukasema, "Mimi sijui anatia nini."

Ulijua. Ulijua vijiko vitatu, vya chai, vimejaa.

Nilipiga magoti, Mama, na mimba ile. Nikamwambia Mwakio: mimi nichukie upendavyo, lakini sikiliza. Akimeza kidonge ale. Akitoka jasho mpe sukari. Akasimama. "Sukari kwa mgonjwa wa sukari? Unajisikia unavyosema?" Nikasema twende kwa daktari sasa hivi, ni hapo tu. Akasema hahitaji daktari kumwonyesha alichoonyeshwa na mama yake. Niliandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo, herufi kubwa, nikaikunja, nikamwekea mkononi. Baada ya gari kuondoka na wewe kurudi Wusi, niliikuta juu ya kiti.

Jiko lako ulilisahau. Nilimwambia Salimu alitupe, akasema ni jiko zuri, akaliweka stoo. Bado lipo.

Yaliyotokea Wusi sikuyaona. Sikuwa na ruhusa ya kuyaona. Nilipata habari kwa dereva wa lori: "Mama yako amekufa." Nilikuja kukuzika na nilisimama upande wa mgomba kwa sababu kila niliposogea wanawake walisogea. Salimu alivua kofia yake akasimama nje ya boma, kwenye ukungu, mpaka mwisho. Hakuna aliyenipa nafasi ya kukutupia udongo. Bibi mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, "Alitaja jina lake kabla hajakata roho." Watu wakaguna. Nikaondoka na hilo. Nikakaa nalo miezi, nikinyonyesha Rehema, nikijiuliza kama kweli ulikufa unanilaani.

Ni Mama Mshai aliyekuja kuniambia. Unamjua, mwenzako wa ushirika wa akina mama, yule mwenye sauti nzito anayeanzisha nyimbo. Alishuka Voi kiangazi, akauliza nyumba yangu, akakaa barazani akakataa kuingia. Akasema kuna jambo halimpi usingizi.

Akaniambia ilikuwa Ijumaa ya maombi na kufunga. Jana yake mlikuwa kwenye harusi ukala keki, kwa hiyo asubuhi, kwa woga wa keki, ulimeza vidonge viwili badala ya kimoja. Yeye alikuona. Kisha ukaenda kanisani bila kutia kitu mdomoni. Saa nne ulikuwa unatoka jasho, unatetemeka, unasema maneno yasiyoeleweka. Akina mama wakafurahi. Wakadhani Roho amekushukia. Wakaimba zaidi.

Baadaye ukaanguka magoti ukamshika yeye Mama Mshai gauni. Ukasema, tena kwa sauti ya kawaida, ya kuomba: "Nipeni maji ya Wakesho."

Mama Mshai akasema kanisa zima liliacha kuimba. Wengine walianza kukemea. Ulisema tena. Maji ya Wakesho, nipeni maji ya Wakesho. Yeye alikuwa na chupa ya chai ya kufungulia jioni, chai yenye sukari, akamimina akataka kukupa, kwa vile tu alikuona una kiu. Mwakio alikuwa ameitwa kutoka shuleni, akaingia mbio, akampokonya kikombe. "Ana ugonjwa wa sukari! Mnataka kumuua?" Wakakupa maji matupu. Wakakuombea. Wakatafuta gari mpaka saa saba. Ulikufa njiani, kabla ya kufika barabara ya lami.

"Ndiyo nimekuja kukuuliza," Mama Mshai akasema. "Nimezeeka, sijawahi kuona mtu anaomba sumu yake. Yale maji yalikuwa nini?"

Niliingia ndani. Nikachukua glasi, nikatia vijiko vitatu vya chai, vimejaa, nikamimina maji nusu, nikakoroga, nikamletea. Aliishika kwa mikono miwili. Niliona anavyoogopa, na niliona anavyojilazimisha. Akanywa.

"Ni sukari tu?"

"Ni sukari tu."

Akaweka glasi chini, akajifunika uso kwa leso. Mimi sikulia. Nilikuwa nimejaa kitu kingine. Hebu fikiria, Mama. Mbele ya watu ulisema hujui natia nini. Mauti yalipokukamata ulijua jina la dawa, na jina lilikuwa langu. Kama ungesema "nipeni sukari", mtoto yeyote angekupa. Lakini hukuwa umewahi kuiita sukari mbele yao, maana ungeiita sukari ungenisafisha. Uliua neno lililokuwa la kukuokoa. Nisikilize vizuri: si mimi niliyekuua, na si Mwakio peke yake. Nilikasirika nikavunja ile glasi. Salimu akaokota vipande.

Mama Mshai alienda akamwambia Mwakio. Najua, kwa sababu alinitumia habari. Mwakio alisikiliza, akaingia darasani kwake, akafunga mlango. Hakuja kwangu. Ilipita karibu miaka miwili.

Alikuja mwezi uliopita. Nilimkuta amesimama getini saa tatu asubuhi, kofia mkononi, koti linamzidi. Alikunywa maji glasi nne kabla hajasema amekuja kufanya nini. Nikajua. Nikautazama uso wa mdogo wangu nikauona uso wako. Akatoa bahasha ya hospitali mfukoni, vidonge vile vile, akasema, "Dada, naviogopa. Nimekaa navyo siku tatu sijameza. Nifundishe."

Unadhani nilimkumbatia? Wewe ulinilea, unajua sikumkumbatia. Nilimpa kiti, nikampa uji, nikamwambia ule uji kwanza halafu umeze, nami nimekaa hapa nakuangalia. Alipomaliza nikamwambia: hili la leo nimekufanyia bure. La kesho lina sharti. Yale mliyosema juu yangu mliyasema kanisani. Nenda ukayatoe pale pale.

Akasema, "Watu watasema nilimuua mama."

Nikamwambia, "Mimi wamesema hivyo na bado napika."

Jumapili iliyofuata nilipanda Wusi. Nilikaa benchi la nyuma na leso yangu kichwani, mara ya kwanza ndani ya kanisa lile tangu niwe msichana. Mwakio alisimama baada ya matangazo. Mikono ilimtetemeka, nami nikakagua kwa mazoea kama ni woga au ni sukari. Ilikuwa woga. Akasema, "Mama aliomba sukari hapa ndani, na mimi nikamnyima. Dada yangu hakumpa mama sumu. Alimpa dawa, na mama alijua." Wengine walikohoa. Yule bibi wa mazishini alitazama dari. Mama Mshai akaanzisha wimbo kabla mtu yeyote hajapata la kusema, na ile sauti yake nzito ikafunika kila kitu. Nje, watu watatu walinipa mkono. Watatu tu. Wengine walikuwa na haraka.

Sasa Mwakio anakaa kwangu mpaka daktari amjue. Anakula kwenye sufuria yangu. Anamwita Salimu shemeji. Anabeba sukari kwenye karatasi ndani ya mfuko wa shati, na saa nne anasimama mlangoni kama mtoto wa shule kuulizia kipande chake cha muhogo. Juzi sukari ilimshuka, kwa sababu alitembea mpaka sokoni na kurudi juani. Alianza kunifokea kuhusu kitu cha kipuuzi, mlango haukufungwa. Nikamimina maji. Akayanywa yote mwenyewe, akaketi, akasubiri robo saa akitazama saa ya ukutani. Kisha akasema, "Samahani, dada. Yule hakuwa mimi." Mama, ni rahisi hivyo. Inachukua pumzi moja kulisema. Mimi nilikusubiri uliseme.

Basi nimemaliza. Pumzika kama wanavyotaka, siwezi kukuzuia. Sijakusamehe, na sitakudanganya kwamba nimekusamehe ili watu wa kanisa wafurahi. Mimi na wewe tumekwisha kusemewa uongo wa kutosha.

Nakuahidi mambo mawili. Mwanao hatakufa kwa ujinga nikiwa hai. Sifanyi hivyo kwa ajili yako. Ni mdogo wangu.

La pili, Mwakio anataka kulijengea kaburi lako saruji kabla ya mvua, na kuandika majina ya watoto wako kwenye saruji ikiwa bado mbichi. Ameniuliza langu aliandike lipi, Wakesho au Zainabu. Nimemwambia aandike lake tu, na pembeni aache nafasi. Nitakuja kuliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, hata kama itabidi niligonge kwa patasi. Sijui mwaka gani. Lakini nitakuja.

Kwaheri, Mama.

Mwanao